PS6 itoke lini? Wenye vibanda vya gemu Kisumu, Nakuru na Magharibi tuongee

#1 MwenyePedi_Kondele
Wadau, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu Kondele, Kisumu: PlayStation 4 (PS4) tatu, PS5 moja ambayo bado nailipia mkopo wa chama. Kila wiki kuna kijana anayeniuliza PS6 inakuja lini, ni kama mimi ndiye nimeiweka mimba. Msimamo wangu ni huu: Sony, wanaoitengeneza, wasithubutu kuitoa kabla ya 2029.

Sababu yangu ni bei. PS4 ilianza dola 399 mwaka 2013, na kufikia 2016 ile nyembamba ilikuwa dola 299. Ndivyo tulivyozoea, unangoja miaka mitatu halafu unaingia. PS5 ilianza dola 499 Novemba 2020. Agosti 2025 huko Marekani wakaipandisha hadi 549.99. Konsoli, yaani mashine ya gemu, inazeeka huku bei inapanda! Sasa mtu anataka nyingine mpya? Hii bado sijaimaliza.

Mnasemaje?

#2 Tarakimu_Section58
Hesabu iko wazi. PS ya kwanza 1994, PS2 mwaka 2000, PS3 2006, PS4 2013, PS5 2020. Sita, sita, saba, saba. Inayofuata ni 2027, Novemba, kabla ya Krismasi. Chama chako hakiko kwenye ratiba ya Sony kule Tokyo, ndugu yangu.

#3 BintiMilimani
Tarakimu, jina ni lako lakini hesabu si yako. PS1 ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, PS2 ikatoka huko huko tarehe 4 Machi 2000. Hiyo ni miaka mitano na miezi mitatu.

#4 Tarakimu_Section58
Mimi nahesabu mwaka kwa mwaka, sihesabu kwa kalenda ya kliniki. 2027 inabaki pale pale.

#5 Fundi_wa_FreeArea
Nawasoma tu. Mnaongea miaka, mimi naongea vipuri.

Mteja aliniletea laptop aongezewe memori. Nikampa bei, akaenda kutafuta pesa. Aliporudi ilibidi nimwambie ile bei imekufa, tuanze upya. Akadhani namla. Lakini ukweli ni kwamba memori imepanda dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu kampuni za akili unde zinanunua kila kitu kwa ajili ya vituo vyao vya data. Watengenezaji wakubwa wa hizi chipu ni watatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Desemba 2025 Micron wakatangaza wanaacha kabisa kuuzia watu wa kawaida kwa jina la Crucial. Mteja mdogo hana faida kwao tena.

Sasa, PS5 ina memori ya GB 16. PS6 haiwezi kuja na chini ya hapo, na kila mtu anatarajia izidi. Wakiitoa sasa, ama waiuze kwa hasara kubwa, ama waipe bei ambayo hata Mmarekani ataikimbia. Kwa hiyo MwenyePedi, nakubaliana na mwaka wako, ila sababu yako siyo. Sony hawakuonei huruma. Wanaogopa bei ya chipu.

#6 Shemeji_Lurambi
Fundi umeongea vizuri lakini umesahau kitu kimoja: kwenye biashara hii anayetangulia sokoni ndiye anachagua meza. Angalieni Xbox 360 ya Microsoft. Ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3. Sony walipofika Novemba 2006 na PS3 ya dola 599, watu walikuwa wameshanunua, wameshazoea, marafiki wako upande ule. Microsoft walitangaza Juni 2025 kwamba wanaunda konsoli inayofuata pamoja na AMD, watengenezaji wa chipu. Wakitangulia tena Sony watajuta.

#7 BintiMilimani
Shemeji, ungemalizia hadithi basi. Hizo Xbox 360 za mwanzo zilikuwa zinawasha taa tatu nyekundu na kulala usingizi wa milele. Julai 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni moja kurefusha waranti hadi miaka mitatu. Na mwisho wa safari PS3, ile iliyochelewa na ya bei ghali, ikawa imeuza sawa na 360 au hata kuizidi kidogo. Kutangulia kuliwasaidia nini?

Na kama kutangulia ni dawa, mbona Dreamcast ya Sega haiko sebuleni kwenu? Ilitoka Japani Novemba 1998, zaidi ya mwaka kabla ya PS2. Januari 2001 Sega wakatangaza wanaacha kutengeneza konsoli.

#8 Shemeji_Lurambi
Dreamcast iliuawa na mambo mengi, si tarehe tu.

#9 BintiMilimani
Ndivyo ninavyosema. Si tarehe tu.

#10 Mzee_wa_Katriji
Vijana, mkitaja Sega mnaniamsha. Kuna kisa ambacho mtengenezaji yeyote wa konsoli angekibandika ukutani ofisini.

Mwaka 1995 Sega walikuwa wamewaambia watu Marekani kwamba konsoli yao mpya, Saturn, itatoka Septemba 2. Halafu Mei, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, bosi wao akasimama jukwaani akasema mashine tayari iko madukani, leo hii, dola 399. Walitaka kuwashtua Sony. Shida ni kwamba maduka yaliyopelekewa ni machache, yaliyoachwa nje yakanuna, na watengenezaji wa gemu waliokuwa wanajipanga kwa Septemba hawakuwa na kitu cha kuuza. Baadaye siku hiyo hiyo mtu wa Sony akapanda jukwaani, akasema neno moja tu: "299." Akashuka.

Mashine ikitoka bila gemu ni sanduku la plastiki. Mkijadili mwaka, jadilini pia siku hiyo itacheza nini.

#11 Omera_wa_Nyalenda
Mzee nakuvulia kofia. "299" akashuka 😂 Ningekuwa mimi pia ningeshuka.

#12 Kijana_wa_Maseno
Na Nintendo mbona hamuwataji? Konsoli yao Switch, ya kwanza Machi 2017, Switch 2 Juni 2025. Miaka minane na ushee! Na ikauza zaidi ya milioni tatu na nusu kwa siku nne. Kungoja kunalipa.

#13 Omera_wa_Nyalenda
Nani ana Switch hapa Kisumu, inua mkono nikuone.

#14 Kijana_wa_Maseno
Binamu yangu anayo.

#15 Omera_wa_Nyalenda
Binamu yako anakaa wapi?

#16 Kijana_wa_Maseno
Canada. Lakini alikuja nayo Desemba.

#17 Mama_Kanduyi
Salamu kutoka Bungoma. Nimesoma yote na naona mnaangalia mlango usiofaa. Mimi nina kibanda karibu na steji, wateja wangu ni vijana wa boda, wanafunzi wikendi (bila sare, mwenye sare haingii ndani, chifu ananijua). Nawaambia hivi: tarehe ya PS6 hainihusu hata kidogo. Mimi nangoja tarehe ya gemu la mpira kuondoka kwenye PS4.

Kumbukeni PS2. Ilitoka 2000, na FIFA, lile gemu la mpira la kila mwaka, iliendelea kuja kwenye PS2 hadi FIFA 14. Yaani PS3 imeshakaribia kuzeeka, PS4 iko mlangoni, na sisi bado tunapata mpira mpya kwenye PS2. PS3 nayo ikapewa hadi FIFA 19. Jina likabadilika 2023 likawa EA Sports FC, na FC 26 bado imetoka kwenye PS4, mashine ya 2013! Kwa hiyo mimi saa yangu inasomeka hivi: mwaka ambao FC itatoka bila PS4 ndio mwaka ambao PS5 inazaliwa kwangu Kanduyi. PS6 ikitoka 2027 au 2030, itanifikia mimi labda miaka saba baadaye.

Na nitawapa hesabu. PS5 Pro, ile yenye nguvu zaidi, huko Marekani ilipandishwa hadi dola 749.99 Agosti 2025. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni kama elfu 97, kabla hujaongeza ushuru na faida ya mwenye duka. Mechi kwangu ni mbao, shilingi ishirini. Hiyo ni mechi 4,850, na sijalipa stima, kodi ya chumba, leseni ya kaunti, wala yule kijana anayekaa mlangoni akiniangalizia pedi za kuchezea zisitoke na mtu. Sasa mwambieni huyo wa Tokyo atoe mashine mpya anapopenda. Hatanikuta kwenye foleni.

#18 MwenyePedi_Kondele
Mama Kanduyi umenigusa lakini hapo kwa "hainihusu" nakukatalia. Kondele kuna ushindani. Jirani akileta mashine mpya, hata kama mpira ni ule ule, vijana wanahama wiki mbili nzima kwenda kuangalia nyasi. Nyasi! Wanasema kwenye PS5 unaona jasho la mchezaji. Mimi PS5 niliinunua kwa sababu ya jasho la mchezaji.

#19 Mama_Kanduyi
Na wakarudi?

#20 MwenyePedi_Kondele
Walirudi. Jirani alikuwa anatoza hamsini.

#21 Tarakimu_Section58
Mama Kanduyi amesema ukweli ambao Sony wenyewe waliusema. Mwaka 2024 walitoa takwimu zao, waliokuwa wanacheza kila mwezi kwenye PS4 walikuwa karibu sawa na wa PS5. Miaka mitatu na nusu baada ya PS5 kutoka! Lakini kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutoa PS6 mapema: watu wengi hawakuruka kwenda PS5 kwa sababu hawakuona tofauti ya maana. Wape tofauti.

#22 Fundi_wa_FreeArea
Tofauti gani? Picha imefika mahali jicho haliongezi kitu. Oktoba 2025 Mark Cerny, yule aliyebuni PS4 na PS5, alitokea kwenye video na mmoja wa mabosi wa AMD wakieleza teknolojia mpya za mwanga na za kukuza picha kwa akili unde. Akasema angependa kuziweka kwenye konsoli ya baadaye, miaka michache ijayo. Ukisikiliza, hakuna mahali aliposema "nguvu mara kumi". Ni ujanja wa kuchora pikseli chache na kubahatisha zilizobaki.

#23 Tarakimu_Section58
"Miaka michache" tangu 2025. Unaona? 2027 au 2028. Asante kwa kunisaidia.

#24 Fundi_wa_FreeArea
Michache inaweza kuwa mitano.

#25 Shemeji_Lurambi
Michache kwa Kiswahili cha fundi ni "kuja kesho." 😂

#26 Fundi_wa_FreeArea
Shemeji, ile PS4 yako iko tayari tangu juzi. Njoo na pesa, usije na maneno.

#27 Kijana_wa_Maseno
Wote mmesahau GTA, lile gemu la Grand Theft Auto. GTA V ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3, ikaja PS4 mwaka 2014, ikaja PS5 mwaka 2022. Gemu moja, vizazi vitatu. GTA VI ilikuwa itoke 2025, ikasogezwa Mei 2026, ikasogezwa tena Novemba 2026. Huwezi kutoa PS6 mwaka mmoja tu baada ya gemu ambayo watu wananunua PS5 kwa ajili yake. Sony watakuwa wanajikanyaga mguu. Gemu kubwa siku hizi zinachukua miaka mitano, sita, kutengenezwa. Ukitoa konsoli kila miaka saba, studio inapata gemu moja kwa kizazi. Zamani kwenye PS2 studio moja ilitoa tatu. Ndio maana PS5 inaonekana haijaanza.

#28 Mzee_wa_Katriji
Kijana wa Maseno, hii ndiyo pointi ya maana zaidi niliyosoma hapa, na umeitoa bila kumtaja binamu.

#29 Tarakimu_Section58
Lakini igeuze. Kama GTA V iliishi vizazi vitatu, basi GTA VI itauzwa tena kwenye PS6. Wanaweza kuitoa 2027 na kuuza gemu ile ile mara mbili. Wafanyabiashara hawalali.

#30 BintiMilimani
Swali langu ni tofauti na nashangaa hakuna aliyeligusa: je, PS6 itakuwa na mahali pa kuweka diski?

PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila kisomaji cha diski, unakinunua kando. PS5 nyembamba ya 2023 kisomaji chake kinachomoka. Mnaona barabara inaelekea wapi. Na mimi naishi kwa diski. Nina kaduka hapa Milimani, Nakuru, nanunua diski zilizotumika, nazisugua, nazijaribu, nauza. Diski moja ya mpira naweza kuiuza Nakuru Februari, ikarudi kwangu Juni na alama ya kikombe cha chai kwenye jalada, nikaipakia kwenye matatu ya Kisumu, ikaenda Kakamega, na Desemba nikaiona tena na jina la mtu mwingine limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Gemu moja, watu watano wamecheza, kila mmoja amelipa kidogo. Hivyo ndivyo gemu la bei ya Ulaya linavyoingia mfuko wa hapa.

Bila diski hiyo biashara inakufa siku moja. Na duka lao la mtandaoni lenyewe halina Kenya. Unafungua akaunti ya Marekani au Uingereza, unatafuta kadi ya zawadi, unaomba Mungu isiwe imeshatumika. Kwa hiyo kwangu PS6 isiyo na diski itoke 2050.

#31 Mama_Kanduyi
Binti, hapa umenimaliza. Nilikuwa sijafikiria diski.

#32 MwenyePedi_Kondele
Mimi PS5 yangu ni ya diski na nililipia zaidi kwa sababu hiyo. Kaka yangu aliniambia chukua ya dijitali, ni rahisi. Rahisi mpaka ununue gemu la pili.

#33 Shemeji_Lurambi
Watu wa diski mna uchungu lakini dunia inaenda dijitali. Fundi wa MMUST, chuo kikuu cha Masinde Muliro, mtaani kwetu anapakua usiku kwa intaneti ya nyumbani, asubuhi amemaliza. GB mia na zaidi.

#34 BintiMilimani
Na akimaliza kucheza anamuuzia nani?

#35 Omera_wa_Nyalenda
Kimya kimetanda Lurambi.

#36 Fundi_wa_FreeArea
Nataka niwaambie kitu kuhusu umri wa hizi mashine, maana mnaongea kama PS4 zitaishi milele zikingoja Mama Kanduyi aamue.

PS4 ikija kwangu, kwanza naitikisa. Ikitoa mlio wa mchele, ni mende. Naifungua nje, si ndani ya duka, nimejifunza. Wanapenda upande wa pawa kwa sababu ya joto, wanazaa pale, na mavi yao yanashika kwenye bodi hadi inapiga shoti. Ukiondoa mende unakutana na vumbi la Nakuru limeganda kwenye feni kama blanketi, na ile dawa ya joto juu ya chipu imekauka, inapukutika kwa ukucha. Mwenye mashine anasema "inapiga kelele kidogo." Kidogo! Inapiga kama posho mili.

Nasafisha, naweka dawa mpya, anarudi nayo kibandani, anaiweka tena ndani ya lile sanduku la mbao lenye kufuli, bila tundu la hewa. Mwaka ujao tunaonana. PS4 za 2013 na 2014 nyingi ninazoziona sasa nazifungua ili nipate vipuri vya nyingine. Kwa hiyo hata kama mpira utaendelea kuja, mashine zenyewe zinaisha. Hiyo nayo ni saa, na haisomeki Tokyo wala Kanduyi.

#37 Mama_Kanduyi
Zangu nimeziweka dawa ya mende.

#38 Fundi_wa_FreeArea
Ndani ya mashine??

#39 Mama_Kanduyi
Pembeni, mwanangu. Pembeni.

#40 Tarakimu_Section58
Basi Fundi umenikubalia bila kujua. Kama PS4 zinakufa, watu watahitaji kupanda ngazi. PS6 ikitoka 2027, PS5 zilizotumika zitamwagika kutoka Uingereza na Dubai, bei ishuke, vibanda vipate. PS6 ni ya kutushushia PS5. Ndivyo PS3 zilivyotufikia, ndivyo PS4 zilivyotufikia. Anayetaka PS6 icheleweshwe anajizibia bomba lake mwenyewe.

#41 MwenyePedi_Kondele
Hiyo sikuwa nimeitazama hivyo... Lakini memori ya Fundi je? Kama PS6 itakuja na bei ya juu sana, mzungu hataachia PS5 yake. Atakaa nayo. Bomba litaziba vile vile.

#42 Fundi_wa_FreeArea
Sawa kabisa.

#43 BintiMilimani
Na atakayeachia ataachia ile isiyo na diski.

#44 Shemeji_Lurambi
Mimi bado nasema atakayetangulia ndiye atakula.

#45 Omera_wa_Nyalenda
Nina swali la dharura, samahani nje ya mada kidogo. Leo kibandani hapa Nyalenda, sheria ni anayeshindwa ndiye analipa. Nilikuwa naongoza 3–0 dakika ya 81, stima ikapotea. Jamaa anasema mechi haikuisha, hakuna aliyeshindwa, halipi. Mwenye kibanda anasema mmoja wetu lazima alipe. Nani analipa?

#46 MwenyePedi_Kondele
Kwangu ni dakika ya 70. Ikipita hapo matokeo yanasimama. Alipe.

#47 Tarakimu_Section58
Dakika ya 81 ni asilimia 90 ya mechi. Alipe asilimia 90. Shilingi 18.

#48 Mzee_wa_Katriji
Nimeona timu ikirudi kutoka 3–0 fainali ya Istanbul 2005. Mechi irudiwe.

#49 Omera_wa_Nyalenda
Mzee, huyu jamaa hakuwa anarudi popote, alikuwa ameshaweka pedi chini anatafuta viatu.

#50 Mama_Kanduyi
Kwangu stima ikipotea kila mmoja anatoa kumi, tunafunga mjadala.

#51 Shemeji_Lurambi
Ndio maana vijana wako wanahamia kwa jirani, Mama.

#52 Mama_Kanduyi
Jirani gani? Yule mwenye PS3 mbili na pedi moja? Waende, wachezee zamu.